Bi Elvina na Asilimia ya Boti

Kama una nyumba hapa Bayou Perdrix, kijiji chetu cha wavuvi kando ya maji, basi umewahi kukaa kwenye kile kiti cha plastiki cha bluu mbele ya meza ya Bi Elvina Lirette, na umewahi kutokwa jasho. Simsemi vibaya. Namsema mtu ninayemheshimu kuliko padri wetu, na padri anajua, nilimwambia mwenyewe.

Mimi ni fundi wa mapaa. Wananiita Boulette, yaani donge la nyama, kwa sababu ya umbo nililokuwa nalo utotoni, na mpaka leo nikipanda ngazi lazima kuna mjinga atauliza kama ngazi ina bima. Kazi yangu hunipeleka kwa watu siku yao mbaya kuliko zote, ile asubuhi dhoruba ikishapita, mwenye nyumba amesimama sebuleni na viatu vya mpira anatazama mawingu. Kabla sijashusha ngazi huwa nauliza, "Bima ulikatia wapi?" Akisema kwa Falgout, roho yangu inatulia kidogo, maana najua huyu anafahamu atatoa kiasi gani mfukoni mwake. Wa ofisi nyingine walikuwa hawafahamu, na mara nyingi mimi na ngazi yangu ndio tuliokuwa pale walipopata habari.

Jina lililoandikwa kwenye kioo cha ofisi ni la Dwight Falgout, na Dwight ni mtu mwema, anapenda kuvua samaki Ijumaa na anapenda kupeana mikono. Lakini ofisi ni Bi Elvina. Aliingia pale ana miaka kumi na tisa kupokea simu, binti wa Clovis mvuvi wa kamba, msichana mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji. Baada ya miaka michache alifanya mtihani wa leseni akapita, akapewa meza, na kwenye meza hiyo akazeekea.

Sasa nieleze jambo moja, halafu sitalirudia. Kila bima ya nyumba ina fungu la mwenye nyumba, kile kiasi cha hasara unachobeba wewe kabla kampuni haijatoa hata senti. Moto ukiwaka au bomba likipasuka, fungu lako ni dola elfu moja, yamekwisha. Lakini upepo ukitoka baharini, huko Ghuba, na watu wa hali ya hewa wakaupa jina, fungu linabadilika. Halihesabiwi tena kwa dola, linahesabiwa kwa asilimia. Ndiyo maana kwenye baa ya Toups, redio ikitaja kimzunguko chochote huko baharini, utasikia wazee wazima wanaomba, "Jamani huyu mtoto asibatizwe! Wakimbatiza tu, tumekwisha!"

Sheria inataka mtu aambiwe hayo waziwazi. Yaandikwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa nyeusi, pamoja na mfano wa dola, na mteja atie sahihi kwamba ameona. Mtindo huo wa asilimia ulipoingia, Bi Elvina alifuata sheria neno kwa neno. Alimsomea kila mtu ule ukurasa polepole, kwa sauti ile anayosomea somo kanisani. Watu walitikisa vichwa wakasaini. Asilimia mbili? Kidogo hiyo! Lete kalamu.

Kisha ikaja dhoruba, na wiki ile ofisi ilijaa mpaka barazani. Wa kwanza alikuwa Percy Authement, mtu mfupi mwenye hasira ndefu.

"Elvina, wamenikata elfu tatu!"

"Nyumba yako imewekewa bima ya laki moja na nusu, Percy. Asilimia mbili ni elfu tatu. Nilikusomea."

"Ulinisomea asilimia mbili! Paa limeharibika kwa elfu tisa. Asilimia mbili ya elfu tisa ni mia na themanini. Mimi sikusoma sana lakini hesabu hiyo naijua, usinifanye mtoto."

Nyuma yake kulikuwa na watu ishirini wenye hesabu ileile. Bi Elvina aliwaonyesha sahihi zao mmoja mmoja. Sheria ilikuwa upande wake, karatasi zilikuwa upande wake, na hakuna aliyemsalimia Jumapili ile. Alikwenda kwa baba yake, akamkuta anashona wavu uani, akamweleza kwa uchungu kwamba watu wa hapa hawasikii hata uwapigie tarumbeta.

Mzee Clovis hakuinua macho kwenye wavu. "Uliwaambia asilimia mbili?"

"Niliwaambia, Baba. Ya thamani ya nyumba. Imeandikwa kubwa hivi."

"Hawakusikia hivyo. Hapa kwetu asilimia ni ya kilichoingia wavuni. Nahodha ana yake, baharia ana yake, mwenye barafu ana yake. Ukivua kamba wengi unakatwa kingi, ukivua kidogo unakatwa kidogo. Nani hapa, tangu azaliwe, amewahi kukatwa asilimia ya boti?"

Bi Elvina alinisimulia kwamba alikaa chini pale pale kwenye kreti. Yeye mwenyewe amekula na kusomeshwa kwa asilimia ya wavu, na hakuwahi kufikiri. Alisoma neno lao kwa maana ya watu wengine, na wao wakalisikia kwa maana yao, na kila mmoja alikuwa mkweli. Kesho yake alinunua boksi la penseli.

Tangu hapo hakuna aliyesaini kwake kirahisi. Unakaa kwenye kiti cha bluu, anageuza ile karatasi mbele yako, anasema, "Sikiliza, mpenzi. Nyumba yako ndiyo boti. Hawa hawakati kamba, wanakata boti. Boti yako ni shilingi ngapi?" Shilingi ndivyo ninavyosema mimi ninyi mnielewe, yeye husema dola. Unataja. "Piga hesabu, andika hapa chini kwa mkono wako. Siandiki mimi." Unaandika. "Isome kwa sauti." Unasoma. Halafu lile swali lake, ambalo watu walilitungia utani mpaka kwenye harusi: "Haya. Hizo dola, sasa hivi, ziko wapi?"

Mtu mmoja alimjibu ziko kwenye friza, chini ya kamba. Akamwambia, "Nenda ukazihesabu, halafu urudi usaini." Akaenda. Alirudi Alhamisi na uso mwekundu, mke wake alikuwa amezipata kabla yake. Mimi aliniketisha saa nzima na dakika kumi, nikatoka pale nimechukia, nikamwambia mke wangu yule mwanamke ni mkorofi. Mke wangu akasema, "Basi ziko wapi?"

Karatasi zile zenye maandishi ya penseli, ya mikono iliyozoea nyavu kuliko kalamu, alizifunga kwenye mafaili kwa miaka kumi na kitu. Sheria ilidai sahihi tu. Mengine yote alijiongezea mwenyewe, bila mshahara wa ziada. Dwight alikuwa akilalamika kwamba ofisi nyingine zinamaliza wateja watano wakati yeye anamaliza mmoja. Alikuwa akijibiwa, "Basi hamia huko." Nimeona nyumba zikipona kwa sababu ya penseli zile. Nimepandisha mbao juu ya mapaa ya watu ambao wasingekuwa na cha kunilipa, lakini walikuwa nacho, kimewekwa benki, sawasawa na tarakimu waliyoandikishwa. Nasema hivi kwa sababu yatakayofuata hayampendezi mtu, na nataka mjue kwanza ni nani aliyeyafanya.

Mwaka huo ninaousema, wakati wa kuhuisha bima, kampuni moja ya jimbo lingine ilipandisha lile fungu la dhoruba kutoka asilimia mbili mpaka tano. Walituma bahasha nene. Ukurasa wa kwanza ulisema asante kwa kuendelea kutuamini. Habari ya asilimia tano ilikuwa ukurasa wa kumi na nne, kwa maandishi ya kutafutia miwani. Pale ofisini kompyuta nayo ilikuwa na kisanduku chake: Mteja ameelezwa mabadiliko. Usipokitia alama, hati ya mteja haihuishwi, na nyumba inabaki uchi.

Wateja wa kampuni hiyo walikuwa themanini na saba. Na wiki hiyohiyo Wilbert, mume wa Bi Elvina, alianguka kutoka kwenye ngazi huko kwenye mtambo wa mafuta baharini, akavunjika nyonga, akalazwa hospitali ya Houma. Bi Elvina alikuwa akienda na kurudi, hali, hakai. Dwight alimwonea huruma.

"Tia alama tu, Elvina. Utawapigia simu wiki ijayo. Si wewe? Tunakujua."

Akatia. Themanini na saba, mchana mmoja. Hiyo wiki ijayo ilipofika, Wilbert alipasuliwa. Wiki iliyofuata alirudi nyumbani, mtu wa kunyanyuliwa na kuogeshwa. Ikaja Juni, ikaja Julai. Simu hazikupigwa.

Mwezi wa Agosti ikaja dhoruba. Ilipewa jina zuri la kike ambalo sitalitaja, lisije likajiona. Haikuwa kubwa. Ilipita upande wa mashariki, ikang'oa mapaa machache kana kwamba inachagua, na moja ya nyumba ilizozichagua ni ya Mzee Ovide Naquin.

Mzee Ovide ana miaka sabini na minane, mjane, nyumba ameijenga kwa mikono yake na ya kaka yake marehemu. Binti yake Charlene yuko Houston, na kwa miaka mitano amekuwa akimwandalia chumba chenye zulia jeupe na mapazia ya maua. Mzee alikwenda mara moja kukiona. Aliporudi aliniambia, "Boulette, nikihamia kule nitakufa kwa usafi." Lakini Charlene hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amesema wazi: paa likiharibika tena na pesa hakuna, nyumba inauzwa, mzee anakuja.

Nilipanda. Upande wote wa kaskazini ulikuwa umeondoka, na mbao za chini zimelowa. Nikashuka nikamwandikia: dola elfu kumi na moja na mia nne. Mzee alitabasamu.

"Fungu langu ni elfu nne na mia nane. Ziko benki, sijazigusa. Elvina aliniandikisha mwenyewe. Zilizobaki ni za bima."

"Basi nitaleta mbao Jumatatu, mzee wangu."

Jumatatu kabla yangu alifika mkadiria hasara, kijana nadhifu kutoka mbali, viatu vyake havijawahi kuona matope. Alipiga picha, akabonyeza kompyuta yake ndogo, akasema kwa adabu kabisa kwamba nyumba ina bima ya laki mbili na elfu arobaini, fungu ni asilimia tano, yaani elfu kumi na mbili. Hasara ni elfu kumi na moja na mia nne. Hakuna cha kulipwa. Pole sana, bwana.

Mzee Ovide hakugombana. Aliniangalia mimi. "Boulette, mimi nimekuwa mjinga lini?"

Nilimpakia kwenye gari langu mpaka ofisini. Nilikuwa nimevimba, nimejiandaa kumtukana mtu yeyote wa kampuni. Bi Elvina alimwona tu mzee akasimama, akamvutia kiti, akafungua faili. Ile karatasi yenye penseli ya zamani ilikuwemo: 4,800. Kisha akatoa bahasha ya mwaka huu, akafunua kurasa moja moja kwa kidole kilicholoweshwa mate, akafika wa kumi na nne. Nilimwona akikasirika, nikafurahi.

Alipiga simu kampuni, akaweka sauti ya wazi ili mzee asikie. Akawaambia ukurasa wa kwanza hauna neno, hauna herufi kubwa, hauna mfano wa dola, na sheria wanaijua. Mtu wa upande wa pili akamwacha amalize.

"Tunakuelewa, mama. Huenda ukurasa una upungufu. Lakini mteja alielezwa kwa mdomo. Tunayo alama ya ofisi yenu hapa, tarehe nne Mei, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Alama hiyo inatutosha."

Bi Elvina aliitazama simu. Nilidhani atapiga kelele kwamba ni uongo. Mzee Ovide naye alikuwa akisubiri apige kelele, nilimwona ameinua kidevu.

"Alama hiyo ni yangu," alisema. Akakata simu. Akamgeukia mzee, hakutazama pembeni. "Mzee Ovide, niliandika kwamba nimekueleza. Sikukueleza."

Mzee alichukua kofia yake gotini akaivaa. Alitoka nje akakaa kwenye gari langu akafunga mlango, na mimi nikabaki nimesimama na maneno yangu yote ya kumtukana mtu, sina wa kumpa.

Dwight alimwita ndani akafunga mlango wake. Mlango wa ofisi ile ni wa mbao nyembamba, na mimi sikuona sababu ya kuondoka.

"Elvina, usifanye haraka. Anadai ngapi mzee? Elfu sita na mia sita. Nitatoa mimi, mfukoni mwangu, leo. Paa litajengwa, mzee atatulia, na hakuna anayehitaji kusikia habari za alama."

"Na wale themanini na sita?"

"Mapaa yao ni mazima."

"Mwaka huu."

"Elvina, ukimwandikia mtu wa jimbo kwamba ulitia alama ya uongo, watakunyang'anya leseni. Miaka arobaini na miwili! Kwa kisanduku kimoja! Na mimi ndiye niliyekwambia utie."

"Ulisema, lakini mkono ni wangu. Dwight, hii alama ndiyo ngao yao pekee. Ikiondoka hawana kitu kwa yeyote. Ikibaki, kila mmoja ataambiwa alielezwa, na mimi ndiye nitakayekuwa shahidi wao."

Alitoka akanikuta hapo. "Unasikiliza nini, Boulette?"

"Nasubiri mzee apoe."

"Basi mpeleke nyumbani. Na ufunike paa lake kwa turubai, bili ya turubai ulete kwangu." Sikuipeleka hiyo bili.

Barua aliiandika mchana uleule, kurasa mbili, na alimsomea Dwight kabla ya kuituma, ili asije akasema hakuambiwa. Wiki mbili baadaye afisa wa bima wa jimbo alisikiliza shauri kwa simu. Tulikaa ofisini, Mzee Ovide kwenye kiti cha bluu, mimi ukutani kama shahidi wa hasara, Dwight anazungusha pete yake kidoleni. Wakili wa kampuni alizungumza kwanza, akazungumza vizuri. Kisha afisa, mwanamke mwenye sauti ya upole iliyochoka, akamwuliza Bi Elvina kama barua ni yake.

"Ni yangu, mama."

"Unaelewa kwamba unachokiri hapa kinagusa leseni yako?"

"Naelewa."

"Ulimweleza Bwana Naquin mabadiliko haya, kwa simu, kwa barua, au kwa njia yoyote?"

"Kwa njia yoyote, hapana. Sikumweleza yeye wala yeyote kati ya wale themanini na saba."

"Kwa nini uliweka alama?"

"Mume wangu alikuwa hospitali." Nikaona anakasirikia maneno yake mwenyewe. "Hiyo siyo sababu, mama. Hiyo ni habari tu. Niliweka kwa sababu nilijiamini kwamba nitapiga simu, na kila mtu alijiamini juu yangu."

Wakili wa kampuni hakuwa na swali. Angeuliza nini?

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Asilimia tano haikuwa imetangazwa kama sheria inavyotaka, kwa hiyo haikumhusu Mzee Ovide wala wenzake mwaka ule. Kampuni itumie asilimia mbili. Elfu sita na mia sita zikatumwa. Charlene akaambiwa mapazia yasubiri. Leseni ya Bi Elvina ikasimamishwa mwaka mmoja, na Dwight, ambaye aliumia kuliko alivyotaka kuonyesha, akampa kazi pekee ambayo mtu asiye na leseni anaruhusiwa kuifanya pale. Akiwa na miaka sitini na mmoja, Bi Elvina akarudi kupokea simu.

Mimi nilidhani mzee atamshukuru. Nilikuwa juu ya paa lake mwezi wa Oktoba, napigilia, yeye amekaa barazani na kahawa yake, nikamwambia kwa sauti kutoka juu kwamba ni aibu, watu wazima, mwezi mzima hajamsemesha yule mwanamke.

"Nimshukuru kwa nini?" akajibu. "Kwa kuokota alichodondosha? Mimi nililala na amani miaka yote hiyo kwa sababu nilimwamini. Ungekuwa wewe?"

"Angeweza kunyamaza, mzee. Ulipwe na Dwight, yaishe."

"Piga misumari, Boulette."

Nikapiga misumari. Ilikuwa Jumamosi, na kutoka pale juu naona barabara yote ya kandokando ya maji. Basi nikamwona Bi Elvina anakuja kwa miguu, amevaa viatu vya kanisani, mkononi ana karatasi. Alikuwa anaingia nyumba moja, anakaa barazani dakika chache, anatoka, anakata mstari kwenye karatasi, anaingia nyingine. Kwanza sikuelewa. Aliyetoka nyumba ya kona, Dora Toups, alikuja mpaka chini ya ngazi yangu kunihadithia, mkono mdomoni.

"Anapita kwa wote, Boulette. Amesimama mbele yangu akasema, 'Dora, sina ruhusa ya kukueleza bima. Nina ruhusa ya kukwambia nilichofanya.' Akasema yote. Akaniambia mwaka ujao itakuwa asilimia tano kweli, niende kwa mtu mwenye leseni nimwulize, nisisaini mpaka nielewe. Nilitaka kumpa bakuli la gumbo, ule mchuzi wangu wa kamba, akakataa. Amesema ana nyumba nyingi."

Mzee Ovide alisikia kila neno. Aliendelea na kahawa yake.

Bi Elvina akafika kwa Percy Authement, jirani wa mzee. Akagonga. Percy akafungua nusu, nikasikia sauti yake mpaka juu: "Sina muda na watu wa bima! Tangu ile elfu tatu yangu nilisema sina muda!" Mlango ukafungwa kwa kishindo. Bi Elvina alirekebisha mkufu wake, akagonga tena. Hakufunguliwa. Akagonga mara ya tatu, akabaki pale amesimama, mwanamke mrefu na karatasi yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona hajui afanye nini. Roho iliniuma, siwezi kuficha.

Kikombe kikawekwa chini. Mzee Ovide aliinuka, akachukua kofia, akateremka ngazi za baraza moja moja, akavuka uzio pale ulipolala tangu dhoruba. Alipita karibu na Bi Elvina bila kumsalimia, akaupiga ule mlango kwa kiganja kizima.

"Percy! Ni Ovide. Fungua."

Ukafunguka.

"Huyu alinikosea," mzee akasema. "Na wewe amekukosea. Amekuja kukwambia mwenyewe, hakuna aliyemtuma, na mimi sijawahi kuona mtu wa bima akija kwa miguu. Utamsikiliza mpaka mwisho, na mimi nitakaa hapa mpaka umalize kusikiliza."

Percy alitoa viti viwili. Mzee akamwambia, "Vitatu."

Walipomaliza, walitoka pamoja, mzee mbele, Bi Elvina nyuma yake anakata mstari kwenye karatasi, hawasemeshani, wanaelekea nyumba inayofuata. Nyumba inayofuata ni yangu, maana na mimi ni mmoja wa wale themanini na saba. Niliacha nyundo juu ya paa, nikateremka ngazi haraka kuliko nilivyowahi kuteremka, nikapita uani kwa Percy, nikaenda kuufungua mlango wangu mwenyewe kabla hawajagonga.